Chaja ilikuwa inakataa, shemeji akailazimisha, mwanangu kalala pembeni

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo.

Nina hasira, herufi zikipinda mnivumilie. Humu sijatia chumvi. Mbishi aje Nachingwea nimwonyeshe dari la kibanda chetu.

Mimi na mume wangu tunachaji betri za watu. Chaja yenyewe si hizi za kubeba mkononi, ni lile dubwana la gereji, refu kama friji, linachaji betri sita kwa pamoja. Mume yuko Ruangwa kwenye kibarua. Kibandani tupo mimi, mwanangu Nuru anayetambaa, na shemeji, mdogo wake mume.

Shemeji ndiye fundi. Anavyojiita.

Sasa huu ni msimu wa kutoa wali, mabinti waliowekwa ndani kwa unyago, mnaujua huku kwetu. Kila kijiji kinataka muziki, na muziki unataka betri. Akaja baba mmoja kutoka Mandawa na betri kubwa ya lori, binti yake anatoka ndani kesho yake.

"Mama, nifanyie haraka. Wageni wameshafika, nikikosa muziki nitaitwa bahili mpaka kaburini."

Tukaifunga kwenye chaja. Haikuchukua muda, chaja ikakata.

Shemeji akawasha, ikakata. Akabadilisha fyuzi, ikaungua. Akafungua kifuniko, akapuliza vumbi kwenye feni, akakaza nati, akabadilisha waya wa ukutani. Ikakata tena.

Nikamwambia, "Shemeji, asubuhi betri zote zilikubali. Toa hii ya baba tujaribu nyingine."

Akacheka. "Shemeji, wewe kaangia watu mihogo. Chaja imechoka hii, inataka kubembelezwa."

Kubembeleza kwake, wakuu, ni kung'oa fyuzi na kuweka waya wa shaba pale pale.

Chaja haikukata tena. Yule baba akapiga makofi. Mimi nikatoka kwenda kwenye mihogo yangu, maana kweli nakaanga, na ndiyo inayomlisha huyo fundi.

Kibandani kwetu tunaweka na viroba vya ufuta vinavyosubiri mnada. Kwa ajili ya wezi, dirisha tumeliziba kwa bati. Nuru alikuwa amelala juu ya viroba.

Baadaye nikasikia harufu ya yai viza. Nikadhani mtoto kajisaidia, nikaingia kumbadilisha.

Wakuu, ile betri ilikuwa imevimba. Inatokota kama sufuria ya maharage. Mshale wa mita umelala mwisho kabisa. Hewa inachoma koo, na Nuru anakohoa huku amelala.

Nikakumbuka kemia ya form two. Mwalimu alisogeza kijiti cha moto kwenye gesi inayotoka maji yakipitishiwa umeme, ikalia po! Darasa zima tukacheka.

Betri inayotokota hutoa gesi hiyo hiyo, na jiko langu la mkaa linawaka hapo mlangoni.

Sijui nilimnyakuaje mtoto. Nikatoka naye mbio, nikampigia kelele shemeji aliyekuwa anaingia, "Shemeji, zima ukutani! Usiguse betri!"

"Tulia, natoa klipu tu."

Akaishika klipu iliyobana betri umeme ukiwa unapita. Nikaona cheche.

Mlio wake ni kama tairi la lori limepasuka ndani ya chumba. Asidi ikaruka hadi darini. Shemeji akatoka ameziba uso, analia kama mtoto. Nikarukia swichi kuu nikazima, kisha mimi na yule baba, aliyekuwa nje anasubiri betri yake, tukammwagia maji, ndoo baada ya ndoo, macho, uso, kifua. Hospitali walisema hayo maji ndiyo yaliyookoa macho yake.

Kanga aliyolalia Nuru tuliikuta imekuwa chekeche.

Nilikaa chini pale nje nikimpapasa mwanangu mwili mzima, kila kidole, naanza tena.

Ndipo yule baba akasema kwa sauti ndogo kwamba betri ile inazunguka nyumba kwa nyumba kila msimu wa wali, na ikipungua maji, aliyenayo anajaza ya kisima badala ya yale maalumu ya betri. Baadaye ikapasuliwa, ikakutwa seli moja ya ndani imekufa kabisa. Chaja ilikuwa nzima tangu mwanzo! Ilikuwa inakataa mzigo mbovu, sisi tukaiziba mdomo.

Somo: kifaa kikikata, tafuta kinachokataliwa kabla hujakiita kibovu. Jaribu betri nyingine kwanza. Fyuzi ni fyuzi, waya si fyuzi. Zima ukutani ndipo ushike klipu. Dirisha liwe wazi, na mtoto asilale humo.

Jana mume kapiga simu, "Mama Nuru, msamehe mdogo wangu, ni bahati mbaya."

Bahati mbaya? Waya ulijikunja wenyewe ukaingia mle?

Shemeji ana bandeji usoni na anataka tufungue Jumamosi. Ufunguo ninao mimi na sitoi.

Mafundi mliomo humu, nielekezeni namna ya kuitambua betri mbovu kabla haijaguswa na chaja. Nawasoma wote. Ila anayekuja kuniambia nipunguze hasira, kwanza amlete wa kwake alale mle ndani.