Uwanja wa Kuanikia Michembe

Juzi nilipanda juu ya bati la choo nikiwa na ungo wa viazi vitamu vilivyokatwakatwa. Ndiyo, la choo. Katika nyumba tunayopanga hapa Bariadi, hapo tu ndipo jua linapofika kutwa nzima. Kwingine kote ni ukuta unatazamana na ukuta. Mwenye nyumba akatoka na mswaki mdomoni.

"Shuka, dada! Utanivunjia bati. Kwani sokoni michembe imekwisha?"

Nikashuka na ungo wangu. Ningemwambia nini? Choo chake kimejengwa katikati ya uwanja ambao bibi yangu alianikia michembe miaka yote ya utoto wangu, na uwanja huo ulipotea mimi nikiwa nimesimama pale, mdomo ninao na nimeufunga.

Wewe uliyekulia huku kwetu unajua michembe haitaki mchezo. Kiazi kikishamenywa na kukatwa vipande kinataka jua kali, upepo na nafasi. Baada ya siku nne hivi vipande vikiwa vikavu vinagongana kama kokoto, unahifadhi, na njaa ya kabla ya mvua haikutishi. Uwanja wetu ulikuwa mteremko mpana nyuma ya kaya, upande mmoja una ua wa minyaa, pande nyingine ziko wazi. Kila baada ya mavuno wanawake wa kaya nane waliusiliba pamoja kwa samadi na udongo. Sisi wasichana tulichota maji, wao walipiga magoti wakirudi nyuma polepole, mikono inazunguka, utani hauishi. Hadi leo nikisikia harufu ya samadi mbichi asubuhi, natamani michembe iliyochemshwa na karanga za kutwanga.

Hakuna aliyekuwa na sehemu yake. Aliyewahi alianika alipopenda. Wingu likijitokeza, aliye karibu alianua vya wote, halafu baadaye kila mmoja anatambua vyake kwa unene wa vipande. Vya bibi vilikuwa vinene, na jirani yetu hakuchoka kumsema, akimwita mama kwa lugha yetu: "Mayu, hivi unakata viazi au unapasua kuni?" Mtu kusema "hapa pangu" katika uwanja ule ilikuwa aibu kubwa, sawa na kumnyima mpita njia maji.

Kisha zikaja zile nyakati za kila mtu kununua na kuuza. Malori ya wanunuzi binafsi wa pamba yalifika mpaka vijijini, na mwenye kupata kidogo alitaka nyumba ya bati karibu na barabara. Watu walitoka Mwamapalala, wengine Kiloleli, wote wanataka kiwanja Bariadi. Sisi hatukuhamia mjini. Mji ndio uliotuhamia.

Wapimaji walikuja na mikanda yao na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Afisa wao alikunjua ramani juu ya boneti ya gari, akasema eneo letu limepangwa kuwa la viwanja vya msongamano mkubwa.

"Maana yake nini, baba?" jirani akauliza.

"Watu wengi, viwanja vidogo. Mji unakua, mama."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wakajitafutie ramani yao."

Watu walicheka, tena sana. Nilipomtafsiria bibi, naye akacheka. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, na mimi nilikuwa darasa la tano, kwa hiyo siku ile nilikuwa mdomo wake.

Afisa alipita kaya kwa kaya na fomu zake. Kwetu aliandika jina la bibi, kiwanja kimoja. Halafu akaelekeza kalamu kule kwenye mteremko, ambako michembe ilikuwa imeanikwa, nyeupe kabisa juani.

"Na pale ni pa nani?"

Nikatafsiri. Bibi alishtuka kama aliyeshukiwa wizi, akaweka mkono kifuani. "Si pangu."

"Anasema si pake," nikamwambia afisa.

Akamuuliza jirani. "Si pangu, baba." Akamuuliza wa tatu. "Mimi? Hata kidogo!" Wote nane walijibu hivyo, tena kwa fahari, kila mmoja akionyesha kwamba yeye si mchoyo. Maneno "ni petu sote" nilikuwa nayo kooni. Lakini yule alikuwa mgeni, mimi mtoto, na swali hakuniuliza mimi. Akaandika kwamba eneo halina mwenyewe. Kisha akaletewa sahani ya michembe na karanga, akala akasifu.

Msimu uliofuata tulikuta vigingi vimepigwa katikati ya sakafu iliyosilibwa. Viwanja kumi na kimoja, na vyote vina wenyewe. Bibi alinishika mkono tukaenda ofisini.

"Lakini nilimuuliza," afisa akaniambia, amechoka kabla hajaanza. "Alisema si pake."

"Nilisema si pangu," bibi akajibu nilipotafsiri. "Je, nilisema hatuna?"

Afisa akatuonyesha fomu. Sehemu ya jina la mwenye eneo ilikuwa mstari mmoja. "Majina nane ningeyaandika wapi, bibi?" Hakuwa mtu mbaya, na hilo linaniudhi mpaka leo, maana mtu mbaya ningemlaumu nikamaliza.

Njiani bibi aliniuliza, "Wewe si umesoma? Mbona hukumwambia?"

"Si ulisema mwenyewe!" nikamfokea, mimi ambaye sikuwa nimewahi kumpandishia sauti. Tulitembea hadi nyumbani kila mtu na upande wake wa njia.

Mwaka ule tulianika katika kiwanja kilichobaki, kati ya nyumba na ukuta mpya wa watu. Upepo haukupita, vipande vinene vya bibi vikaota ukungu, tukawapa mbuzi. Jirani, ambaye kiwanja chake kilikuwa kidogo kuliko chetu, alikuja asubuhi moja na ungo kichwani. Alitaka aweke pembeni tu, pale penye jua kidogo, ungo mmoja.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni. Alimtazama mwanamke aliyekuwa akimwanulia vitu vyake mvua ikitaka kunyesha, akasema kwa Kiswahili, kile cha ofisini, neno moja moja:

"Hapa ni pangu."

Jirani alidhani ni utani, akasubiri kicheko. Kilipokosekana akageuka, ungo bado kichwani, akaondoka. Nami nilisimama pale pale kati yao, na safari hii pia sikusema kitu.