Masomo Niliyokataa Kuyaweka Mtandaoni

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau.

Nywele zangu zilikuwa bado nyeusi, nafundisha elimu ya udongo hapa Morogoro. Chuo kilikuwa kimeanza utaratibu mpya: mihadhara mtandaoni, darasani mijadala na maabara. Wenzangu walirekodi masomo yao. Mimi niligoma. "Udongo haufundishwi kwenye simu," nilisema kikaoni, watu wakacheka, nami nikajiona shujaa.

Asubuhi moja Restituta, mwanafunzi wangu, alinijia ofisini. Mama yake alikuwa ameanguka kutoka kwenye mkarafuu kwao Kinole, kule juu milimani, kavunjika nyonga, na hana mwingine wa kumuuguza.

"Shikamoo, mwalimu. Masomo mengine nayafuata nikiwa nyumbani, nashuka kwa maabara tu. Limebaki lako. Hata sauti tu ukiniwekea, nitasikiliza."

"Marahaba. Chuo ni darasani, binti. Chagua."

Akanishukuru, mwanangu. Akanishukuru, akatoka.

Ukweli ni kwamba sikujua hata kuingia kwenye mfumo ule wa kuweka masomo mtandaoni. Mafunzo yalipotolewa sikwenda. Niliona haya vijana wa kompyuta wanione sijui.

Mwisho wa muhula mahudhurio yake hayakutosha, nikasaini azuiwe mtihani. Kulirudia somo kulimaanisha kukaa tena darasani kwangu, na mama yake hajaweza kusimama. Akaacha chuo.

Mkuu wa idara, Dakta Mwanaidi, mama wa makamo, aliniita. "Sababu zako nimezisikia," alisema. "Sasa niambie ile unayoificha."

Nikamwambia. Hakunigombeza. Aliniketisha kando yake akanifundisha mwenyewe. Ilichukua mchana mmoja. Mchana mmoja tu!

Ilinichukua miaka miwili kupata ujasiri wa kwenda Kinole. Nilimkuta Restituta akipalilia, mtoto mgongoni. Nikamwomba radhi, nikamsihi arudi.

"Yamepita, mwalimu," alisema, akanifungia ndizi za kupeleka nyumbani. Afadhali angenitukana.

Basi wewe unayeanza kufundisha, usiite woga wako msimamo. Usilolijua, uliza, hata kama wa kukujibu ni mdogo wako. Kutana na wanafunzi darasani, maana wanakuhitaji. Na asiyeweza kufika, mwachie somo mahali atakapolipata.

Mungu akujalie moyo wa kusikiliza, na wote watakaobisha mlangoni kwako wamalize walichokianza.