Kila Zizi Kura Moja

Watu wa kijiji cha Hovlund walikuwa wakisema kwamba Abelone wa Vestergaard hata akipiga chafya, hupiga kwa heshima. Alikuwa binti wa mwalimu na mjane wa mkulima mkubwa kuliko wote katika parokia ile, na tangu mumewe Anders azikwe alikuwa ameliendesha shamba la Vestergaard bila kumpa mtu mwanya wa kusema neno. Madirisha yake yaling'aa. Vibarua wake walikula wakashiba. Ng'ombe wake, zaidi ya thelathini, walipigwa brashi kama farasi wa harusi.

Ndiyo maana mwaka ule, nyasi kavu zilipopungua ghalani na baridi bado imekaza, hakumwambia mtu. Kiangazi kilikuwa cha mvua tupu, nyasi zikaoza mashambani, na karibu kila mkulima alikuwa akinunua kwa mwenzake bila haya. Lakini kupeleka gari tupu la farasi kwa jirani mchana kweupe, kijiji kizima kikiliona, ni kutangaza kwamba ghala la Vestergaard limebaki mbao. Abelone aliona heri ng'ombe wake wale turnipu, ile mizizi minene ya kulishia nguruwe.

Kiwanda cha maziwa cha ushirika kilikuwa kimekataza jambo hilo. Siagi yote ya Hovlund ilikwenda Uingereza, na Mwingereza ana pua. Ng'ombe akila turnipu, harufu huingia kwenye maziwa, ikatoka kwenye maziwa ikaingia kwenye siagi, na siagi ikifika mezani London inanuka kama shimo la mboga. Na kwa kuwa maziwa ya watu wote humwagwa pamoja, zizi moja likikosea, yote huchafuka. Watoto wa Hovlund waliijua sheria hiyo kabla hawajaijua sala ya Baba Yetu. Abelone naye aliijua. Alijipa moyo kwamba akiwapa kidogo tu, tena baada ya kukamua, hakutatokea kitu. Baridi ilipoendelea, kidogo kikawa kingi, na baada ya kukamua kukawa wakati wowote.

Halafu wakala wa wanunuzi kule bandarini Esbjerg akafungua pipa, akainamisha uso, akauinua haraka. Siagi ya juma zima ikashushwa bei, na hasara ikagawanywa kwa kila mwanachama, kama ilivyokuwa desturi.

Meneja wa kiwanda, Sejersen, akaanza kunusa magari ya farasi yaliyokusanya maziwa. Harufu aliipata kwenye gari la barabara ya magharibi. Barabara ile ilikuwa na mazizi mawili tu: la Vestergaard na la Laust Pors, mkulima mdogo mwenye ng'ombe wawili. Kopo la Laust alilifunua, akalinusa, akalinusa tena. Makopo ya Vestergaard hakuyagusa. Hakumwonea Laust kwa makusudi. Haikumpitia kichwani tu kwamba bibi wa Vestergaard anaweza kukosea. Isitoshe kila mtu alijua kwamba nyuma ya kibanda cha Laust kulikuwa na rundo la turnipu za nguruwe wake, na kwamba mwaka mkewe alipougua mapafu, Laust alikula posho ya maskini ya parokia. Mtu aliyekula posho hiyo hakuruhusiwa kupiga kura ya Bunge mpaka airudishe. Wanawake nao hawakuruhusiwa. Kwa hiyo mbele ya Bunge la Copenhagen, Abelone wa Vestergaard na Laust Pors walikuwa sawa: hawakuwapo. Kiwandani tu ndiko kila mmoja wao alikuwa na mkono wa kupiga kura.

Habari zikaenea kwamba mkutano mkuu utapiga kura ya kumfukuza Laust. Abelone aliposikia, aliendelea kufuma soksi, ila safu ile ilimlazimu baadaye kuifumua.

Siku hizo alikuwa na mgeni, mdogo wake Valdemar, aliyekuwa msimamizi wa shamba kubwa la bwana mmoja kule Mecklenburg, Ujerumani. Asubuhi ya pili Valdemar alitembea zizini mikono mgongoni, akarudi jikoni akicheka.

"Dada, ng'ombe wako wanakula nini?"

"Wanakula."

"Wanakula turnipu. Mimi ni msimamizi, dada yangu. Pua hii inalipwa mshahara."

Abelone akafunga mlango wa uani. "Punguza sauti, Valdemar. Vibarua wana masikio."

"Vibarua ndio wanaowalisha, kwani hawajui? Wananyamaza kwa sababu wanakula kwako." Akavuta kiti. "Na huyo Laust ndiye atakayebeba?"

"Sijasema abebe."

"Hujasema asibebe pia. Wala mimi sikulaumu. Kwetu kule, kiwanda cha maziwa ni cha bwana. Sheria anatunga yeye, hakimu ni binamu yake, na kwenye baraza la nchi anakaa yeye mwenyewe. Kibarua asiyependa anapanda meli ya Amerika. Hatuitani mikutano, wala hatununuliani kahawa."

"Na siagi yenu?"

Valdemar akakuna kidevu. "Inaliwa."

"Na nani?"

"Na wasioionja yenu." Wakacheka wote wawili, kisha Abelone akaacha kwanza. Valdemar akaendelea, "Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema. Hawa wamekupisha hata hujapiga hodi. Wewe nyamaza tu, dada. Jina la Anders limo mikononi mwako."

Lile ndilo neno lililomwingia. Jina la Anders. Abelone alikumbuka siku kiwanda kilipoanzishwa, Anders aliposimama na kudai kwamba kura zihesabiwe kwa ng'ombe, si kwa watu. Mwenye ng'ombe thelathini awe na kura thelathini. Mzee mmoja mwenye mbuzi na ng'ombe mmoja aliyekonda akamjibu, "Basi bwana, walete mkutanoni, tuwaone wakiinua kwato." Ukumbi ukavunjika mbavu. Anders alishindwa, akajiunga hivyo hivyo kwa kuwa bei ilikuwa nzuri, na kicheko kile kilikaa mwaka mzima. Abelone hakukisamehe. Kila mkutano alipoinua mkono wake mmoja, aliuona kama sarafu ndogo aliyotupiwa.

Akapata shauri lililomtuliza. Angepiga kura ya kumtetea Laust. Watu wangeona bibi wa Vestergaard hataki, wangemfuata, Laust angebaki, na hakuna ambaye angehitaji kujua lolote. Alilala usingizi mzuri kwa shauri hilo. Miaka mingi baadaye usingizi ule ndio uliomtia haya kuliko turnipu zenyewe.

Mkutano ulifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa kijiji, na Valdemar akaenda naye kutazama, akakaa benchi la nyuma na wageni. Abelone alikaa mbele, mwanamke pekee mwenye kura. Mwenyekiti, Jeppe Toft, aligonga meza.

"Laust, simama. Unajua tunalolijadili."

Laust akasimama, kofia mkononi. "Najua."

"Pua ya Mwingereza haidanganyi," mtu akapaza sauti.

"Labda Laust anafuga nguruwe wa kukamuliwa!" akadakia mwingine, watu wakacheka.

"Ng'ombe wangu wamekula nyasi za kando ya barabara na majani makavu ya kitanda changu," Laust alisema. "Mke wangu na mimi tunalala kwenye mbao. Njooni mtazame."

"Basi harufu imetoka wapi? Gari lile lina maziwa ya nani mengine?"

Laust akatazama kofia yake. Alijua, Abelone akaona kwamba anajua. Upepo wa magharibi hupita Vestergaard kabla ya kufika kwake.

"Mimi nasemea zizi langu," Laust alisema. "La mtu mwingine atalisemea mwenyewe." Akakaa.

Jeppe Toft akauliza ni wangapi wanataka Laust atolewe. Mikono ikainuka. Abelone alibana wake mapajani, akangoja watu waone kwamba haukuinuka. Hakuna aliyetazama. Waliinua tu, mmoja baada ya mwingine, wenye ng'ombe watano, wenye ng'ombe kumi. Mwenyekiti akauliza wanaopinga. Abelone akainua wake juu kabisa, na mikono mingine michache ikainuka, ya wakulima wadogo waliomwonea Laust huruma. Basi. Mkono wake ulihesabiwa mmoja, sawa na ilivyoandikwa katika sheria.

"Imepita," alisema Jeppe. "Laust, kuanzia Jumatatu gari halitapita kwako. Samahani, ndugu yangu."

Kiwanda kingine hakikuwapo. Ng'ombe wawili bila kiwanda ni ng'ombe wawili wa kuuzwa, na baada yao posho ya maskini, na safari hii bila kurudi. Laust akavaa kofia ukumbini humo humo, mbele ya wakubwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

Abelone akajikuta amesimama.

"Turnipu ni zangu," alisema.

"Nini, mama?" Jeppe alidhani hakusikia vizuri.

"Nyasi zangu zimekwisha tangu mwezi uliopita. Nimewalisha turnipu. Laust hana kosa. Mfutieni."

Mahali fulani nyuma kijiko kilianguka. Abelone aliona shingo za watu zikigeuka na nyuso zikishindwa kupata sura ya kuvaa. Nyuso zile zilimchoma kuliko tusi.

Laust akafutiwa kosa kwa sauti moja, haraka haraka, kama mtu anayepangusa meza mgeni asione. Kisha mkulima mmoja kijana akasema, "Sasa na yeye tumpigie kura. Sheria ni sheria."

Sejersen, meneja, akakohoa. "Ni kweli sheria ni sheria. Lakini wenzangu, mkopo wa mashine ya kiwanda tumeudhamini sote kwa mashamba yetu. Bila maziwa ya Vestergaard mashine inazunguka nusu tupu. Nasema tu."

Jeppe Toft akauliza ni wangapi wanataka bibi wa Vestergaard atolewe. Kijana yule akatazama kushoto na kulia, akajikuna sikio. Mkono mmoja tu ukainuka ukumbini: wa Laust Pors. Aliuweka juu muda mrefu, bila hasira, mpaka mwenyekiti akauhesabu.

Abelone alijua mkono wa pili ulipaswa kuwa wake. Aliuangalia mapajani, ndani ya glovu nyeusi ya msiba. Haukuinuka. Akapewa onyo, akaambiwa akope nyasi kwa wenzake, na mtu akamletea kahawa. Walimpa kikombe chenye kishikio kizima.

Basi hivyo ndivyo Anders alivyopata alichokitaka. Hakuna aliyehesabu kwato, lakini ng'ombe thelathini walikuwa wamepiga kura.

Njiani kurudi, Valdemar alishika hatamu akitikisika kwa kicheko. "Kumbe hata kwenu! Mikutano yote hiyo, mikono yote hiyo, mwisho bwana ni bwana. Tofauti ni kahawa."

"Laust amebaki kiwandani," alisema Abelone. "Kwenu angebaki?"

"Amebaki kwa sababu wewe umetaka. Kwetu pia mtu hubaki bwana akitaka."

Abelone alitafuta jibu, maana aliamini lipo. Huku mtu mwenye ng'ombe wawili aliweza kumwinulia mkono mbele ya wote, na mkono huo ukahesabiwa, na Jumatatu gari litapita kwake kama kawaida. Lilikuwa jibu zuri. Lakini halikuwa mali yake kulitumia, si siku ile.

Mbele yao barabarani Laust alikuwa akitembea kwa miguu. Abelone akaomba hatamu, akasimamisha farasi pembeni yake.

"Panda, Laust. Nafasi ipo."

"Ahsante, mama. Nimezoea miguu."

Hakuharakisha. Akaendelea kutembea katikati ya barabara, kwenye mstari uliokuwa mkavu. Nafasi ya kumpita ilikuwepo, na farasi wa Vestergaard hawakuwahi kutembea nyuma ya mtu.

"Mpite, dada, tutafika usiku," alisema Valdemar.

Abelone alivuta hatamu zikakaza. Wakamfuata Laust polepole, wakapita kanisa, wakapita duka, watu wakitoka milangoni kutazama farasi wawili wazuri wakiburutwa kwa mwendo wa mkulima mdogo. Valdemar alishusha kofia usoni. Abelone hakuteremsha utaji wake. Walikwenda hivyo mpaka Laust alipokata kona ya nyumbani kwake, bila kugeuka nyuma.