Kinanda cha Shangazi Chaenda Kiembeni

Safari hii imenigharimu shilingi themanini na tano. Nimezihesabu mara mbili. Kumi kati yake najua ziliko, lakini sizifikii.

Sababu ya kutoka Timbwani ni Mwalimu Kazungu, kiongozi wa kwaya kule Kiembeni. Aliandaa tamasha la kuunganisha muziki wa Kizungu wa karne zilizopita na roki ya vijana wa leo, akaomba kuazima kinanda cha shangazi yangu Bi Rukia, kile cha kuvutwa upepo kwa mkono mmoja na kupigwa kwa mwingine.

"Kichukue," alisema shangazi, "lakini Ijumaa ni arusi ya binti yetu Mwanaisha, na hiki ndicho kitakachopigwa. Kisiporudi kizima, hapana arusi, na wewe huna shangazi."

Jumapili asubuhi nilivuka feri nimekipakata. Kongowea nikapata pikapu iliyoshusha viazi. Dereva alitaka nauli mbili.

"Hiki ni mzigo tu," nikamwambia.

"Mzigo hauimbi, babu."

"Hakitaimba."

Shimo la kwanza tu, kikalia. Nikalipa nauli mbili.

Saa tisa alasiri ukumbi ulijaa. Fidla nne zilianza na muziki wa enzi za wafalme. Vijana watatu wenye magitaa ya umeme walikaa kando wakingoja karne yao. Mwalimu mwenyewe alipiga kinanda, kikapendeza mno, na hapo ndipo nilipokosea. Mtu wa taarabu mimi, nikainuka kumtunza pesa. Joho la kwaya halina mfuko, na mikono yake yote ina kazi. Nikaielekeza noti ya kumi kwenye tundu la nyuma linalovuta upepo. Kinanda kikaimeza.

Mwalimu ni mtu wa Pwani, ajua kuwa aliyetunzwa hurudia. Akarudia. Kina mama wakaona kumbe ndivyo ifanywavyo, wakapanga foleni wakicheza. Kila noti, ubeti upya. Saa nzima hatukutoka kwa wafalme.

"Mwalimu, karne yetu lini?" kijana mmoja alipiga kelele.

Kinanda, koo limejaa, kikamjibu kwa mkoromo.

"Wallahi, sauti hiyo tumeitafuta mwaka mzima!"

Magitaa yakaurukia mkoromo, fidla zikafuata, ukumbi ukasimama. Nami nilisimama, nikihesabu noti zilizomezwa: arobaini na moja. Nikarudia: arobaini na moja.

Kurudi, dereva alinitoza nauli moja. Kinanda kilikuwa kimya.

Shangazi alikivuta, kikakohoa.

"Umekilisha nini kinanda changu?"

"Tuzo, shangazi."

"Nazo zatoka vipi?"

Ngozi ya kinanda, ile ya kuvutia upepo, iligandishwa na marehemu mume wa shangazi, na ufundi ule alikwenda nao. Mafundi wawili wamekitazama. Wote wasema ngozi ikifunguliwa itachanika. Mwalimu ameleta salamu kwamba pesa ni za wapigaji. Shangazi asema kilicho tumboni mwa kinanda chake ni chake. Mimi nadai themanini na tano zangu tu. Nami nimejifunza kwa nini wenye muziki ule wa Kizungu hutulia vitini mpaka mwisho, ndipo wapige makofi.

Leo ni Jumanne. Msomaji, ukimjua fundi awezaye kuifungua ngozi ile bila kuichana, mwelekeze Timbwani kwa Bi Rukia kabla ya Ijumaa. Malipo yake yamo ndani.