Komadre wa Kundi la Kungoja

Kule Las Higueras, mji wetu wa mashamba ya zabibu katikati ya California, hakuna aliyewahi kumwambia Hortensia Barragán siri akatumaini itafika Jumapili ikiwa bado siri. Mwenyewe husema hasengenyi mtu, anapasha habari tu. Katika kiwanda cha kufungasha zabibu mikono yake hupanga masanduku na mdomo wake hupanga watu, na kusema kweli kazi zote mbili anaziweza. Kwa hiyo chuo kikuu kilipotaka mtu mmoja wa mji akae mezani na wakubwa, tulimchagua yeye. Tulicheka kidogo, lakini tulimchagua.

Chuo chenyewe tulikuwa tumekichoka. Miaka nenda miaka rudi vijana wao walikuja kutuuliza tunakula nini na tunalalaje, wakatutoboa vidole, wakaenda zao kuandika vitabu. Kisukari wakatuachia. Safari hii mfadhili alikuwa amekaza: hatoi senti mpaka watu wa mji wawe washirika wa kweli, waingie mikutanoni, na sehemu ya fedha ishikwe na parokia. Ndipo Daktari Lisandro Quezada, kijana mpole wa chuo hicho, alipokuja jikoni kwa Hortensia na kula sahani mbili za maharage kabla ya kutaja neno ruzuku. Alipoomba tortilla, chapati yetu nyembamba, ya kufutia mchuzi, mtihani alikuwa ameshaupita.

Mpango ulikuwa mzuri. Katika ukumbi wa parokia Hortensia, akishaelekezwa na chuo, angewafundisha wanawake mapishi yasiyoua, wangecheza dansi wakatoka jasho, na nesi angekuja kila wiki kupima sukari bila kumuuliza mtu bima wala vyeti. Walijiandikisha wengi mpaka viti vikapungua. Kisha Quezada akaeleza kwamba nusu yao tu ndio wangeanza, na nusu nyingine ingengoja mwaka mzima bila kufundishwa chochote.

"Tukiwalinganisha ndipo tutajua kama mafunzo yanafaa," alisema.

"Yaani hawa wanakula, wale wananusa," alisema Hortensia.

"Hata kunusa wasinuse, Doña Hortensia. Wakijua lolote, utafiti umeharibika. Ukiharibika, mfadhili hatuongezei, na nesi anaondoka. Nakuomba wewe hasa. Kimya."

Watu ukumbini walitazamana wakauma midomo. Lakini Hortensia aliapa, mkono kifuani, na aliapa kwa moyo safi, maana alimtaka yule nesi abaki kuliko alivyowahi kutaka kitu.

Kura zilipigwa kwa kofia ya padri. Jina la Eduviges Montejano likaangukia kundi la kungoja.

Eduviges alikuwa komadre wake. Yeye ndiye aliyemshika Nacho, mwana wa Hortensia, siku ya ubatizo, na tangu siku hiyo wawili hao hawajaitana kwa majina, ni komadre tu. Dada yako unaweza kumnyima kitu, na watu wakasema labda alikukosea. Ukimnyima komadre, hata mbwa wa jirani hakusalimii.

Mwanzoni Eduviges alicheka. Baada ya wiki chache akaja mlangoni kwa Hortensia, na hakuingia.

"Nasikia unamfundisha Ramona," alisema. "Ramona yule yule aliyekuita mwizi wa kuku."

"Ni kura, komadre. Si mimi."

"Kuku mwenyewe nilikufichia mimi."

"Nimeapa. Mambo ya chuo haya, utaniponza."

"Haya, baki na chuo chako." Eduviges aligeuka, kisha akarudi. "Sukari yangu imepanda tena. Mama yangu tulizika mguu wake kabla ya kumzika yeye, na wewe ulikuwepo, ulishika mshumaa. Lakini kiapo ni kiapo, komadre. Kaa nacho."

Akaenda zake bila hata kuomba kahawa. Hortensia akasimama mbele ya kitunguu akalia, na kitunguu kilikuwa bado hakijakatwa.

Alijikaza kisabuni siku mbili tatu. Akaona akinyamaza anampoteza komadre, akisema anampoteza nesi, na usingizi ukamruka. Mwishowe akaamua kwamba kupika si kufundisha. Akaenda kwa Eduviges, akawasha jiko la mwenye nyumba bila kuuliza, akabandika majani ya dungusi na nyanya, bila mafuta ya nguruwe.

"Mimi siongei na mtu," aliiambia sufuria. "Ila chupa moja ya soda ina sukari ya kumlaza punda."

Eduviges alikuwa ameuelekea ukuta. "Sijui mtu mwenye sukari ale tortilla ngapi," aliuambia ukuta.

"Mbili. Za mahindi," Hortensia aliijibu sufuria.

Baadaye walicheza dansi, kila mmoja amempa mwenziwe mgongo, isije ikasemwa walicheza pamoja.

"Usimwambie mtu," alisema Hortensia akitoka.

"Nimwambie nani mimi?" alisema Eduviges.

Mwaka ulipokwisha walipimwa wote. Quezada alikuja na matokeo, uso umempauka. Katika kundi lililofundishwa, sukari ilikuwa imeshuka vizuri. Katika kundi la kungoja nako ilikuwa imeshuka, tena na viuno vimepungua. Kwa hesabu za chuo, mafunzo hayakuwa na kazi yoyote, kwa kuwa waliofundishwa na wasiofundishwa walikuwa sawasawa. Na Bi Osgood, mjumbe wa mfadhili, alikuwa njiani kuja kuamua kama fedha ziendelee.

Alifika, mwanamke mrefu wa maneno machache, akaketi mbele ya wanawake wa makundi yote mawili. Quezada alijaribu kueleza. Labda ni hali ya hewa, alisema, labda ni maji ya mji. Kadiri alivyoeleza ndivyo shati lilivyomganda mgongoni, na Hortensia akaona maji yamezidi unga. Alisimama.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwambia komadre wangu. Yeye peke yake. Nifukuzeni mimi, nesi mumwache."

Quezada alitafsiri kwa sauti ya mgonjwa. Bi Osgood alitikisa kichwa. Mtu mmoja, alisema, hawezi kubadilisha kundi zima.

Eduviges akainuka taratibu. "Mimi nilimwambia komadre wangu Pilar. Yeye peke yake."

Pilar naye akasimama, akasema alimwambia wake mmoja tu, na huyo mmoja akasimama. Viti vikaendelea kulia mpaka waliobaki wameketi wakawa ndio wa kuonewa aibu. Wa mwisho alikuwa Ramona.

"Msinikodolee macho," alisema. "Na mimi nimebatiziwa watoto."

Quezada alishika kichwa kwa mikono miwili. Bi Osgood alimuuliza komadre ni nini, akaelezwa, akawatazama wale wanawake waliosimama mmoja mmoja. Kisha akasema mafunzo yanayoenea hivi yenyewe yanafaa kulipiwa; nesi atabaki, na ruzuku itaendelea. Eduviges akamkamata Hortensia mkono hadharani, mbele ya Ramona, na hakuuachia.

Kulikuwa na sharti moja. Kundi la kungoja sasa litoke mji mwingine. San Telmo, kwa mfano, ng'ambo ya mto.

Hortensia alitazama chini. "San Telmo ninaye komadre."

"Bakersfield, basi," alisema Quezada.

"Mimi ninaye huko," alisema Eduviges.

"Sacramento?"

Nyuma mtu alikohoa. Bi Osgood akauliza, sasa waende wapi?

"Mwambie tunataka kumsaidia, Daktari," alisema Hortensia. "Atafute mji ambao hakuna aliyembatizia mwenzake mtoto. Lakini akiupata, wale wasiwe wa kungoja. Wale waanze wao kufundishwa, maana hawana mtu wa kuwaambia."