Madaftari ya Inspekta

Nitasimulia habari za Rosette jinsi alivyokuwa, si jinsi watu wa Baraka, mji wetu huku Kongo, wanavyomsema siku hizi. Wengi wanaomsema vibaya ndio waliokuwa wakimletea barua zao awaandikie, kwa sababu mji mzima haukuwa na mwandiko kama wake.

Alizaliwa Lubondja, baba yake akiwa katibu wa kanisa la Kiprotestanti. Vita vilipowavusha ziwa kwenda Tanzania, yeye akiwa bado mtoto, baba alibeba vitabu vya kanisa akaacha sufuria, jambo ambalo mke wake hakumsamehe mpaka kufa. Kule kambini mzee alimkalisha binti yake anakili orodha za ubatizo, na kila herufi iliyopinda alimrudisha aianze upya. Mkono ule ulipatikana hivyo. Aliporudi Baraka alikuwa na cheti cha ualimu, mtoto mgongoni aliyeitwa Chérie, na mume ambaye hakukawia kwenda kutafuta dhahabu Misisi akapata mwanamke mwingine huko huko.

Mwaka 2009 Norbert, mtoto wa hapa hapa aliyeishi Nairobi miaka mingi, alifungua shule. Ukutani aliandika kwa rangi ya bluu: Shule ya Kimataifa, Maternelle hadi Secondaire. Siku hiyo kulikuwa na chumba kimoja cha maternelle, darasa la watoto wadogo, na watoto kumi na tisa. Secondaire yenyewe ilikuwa bado shamba la mihogo. Walimu tulikuwa wawili, Rosette na mimi, na ukuta ule tuliucheka sana. Lakini Norbert alikuwa na mpango wake: kila mwaka watoto wale wakipanda darasa, anawajengea chumba kimoja mbele yao. Ikawa hivyo. Watoto kumi na tisa waliivuta shule nzima juu, mwaka baada ya mwaka, na Chérie alikuwa mmoja wao. Mtoto wa mwalimu alisoma bure. Hilo ndilo lililomfunga Rosette pale, na sitamlaumu.

Programu, yaani mtaala, ilikuwa ya nje. Vitabu vya Kiingereza vilikuja kwa maboksi. Watoto walihesabu kwa Kiingereza, waliimba kwa Kiingereza, na Kifaransa walipewa saa mbili kwa wiki kama dawa ya minyoo. Wazazi walifurahi mno. Kwetu hapa mashirika yakitangaza kazi yanataka Kiingereza, na mzazi akimsikia mtoto wa miaka mitano anataja rangi zote kwa lugha hiyo, haulizi tena kitu. Mwisho wa safari, alisema Norbert, watafanya mtihani wa nje kwenye kituo kimoja cha Bujumbura, na cheti chao kitapokelewa popote.

Ila ruhusa ya shule ilitoka serikalini, na serikali ina programu yake. Inspekta akishuka kutoka ofisi yake ya Fizi na pikipiki anataka kuona madaftari: prévisions, ambamo masomo ya mwaka mzima yamepangwa wiki kwa wiki, na journal, ambamo mwalimu anaandika kila siku alichofundisha. Hapo Norbert akaukumbuka mkono wa Rosette.

"Karatasi ni ya inspekta, masomo ni ya batoto," alituambia.

Hatukuona ubaya. Niseme ukweli: ni mwalimu gani wa kwetu ambaye hajawahi kujaza journal ya mwezi mzima siku moja kabla ya ukaguzi? Tulidhani ni kitu kile kile, kimeongezwa kidogo.

Basi kila Jumamosi alasiri tulikaa ofisini, mimi nikimsomea vichwa vya masomo kutoka programu ya taifa, yeye akiandika kana kwamba yamefundishwa. Kwanza maternelle, halafu primaire, halafu secondaire, kadiri shule ilivyokua. Kemia, historia ya Kongo, jiografia, sarufi ya Kifaransa. Alibadilisha kalamu ili siku zisifanane. Pengine aliandika kwamba somo limekatizwa na mvua, litaendelea kesho. Alikuwa fundi kweli kweli. Inspekta alikula samaki wake, akafunua madaftari, akaweka saini na kuandika kwa wino mwekundu: Très bon. Darasani aliingia mara moja tu kwa miaka yote ile, na watoto walikuwa wamekaririshwa somo moja la Kifaransa kwa wiki mbili wakimngoja.

Mwaka wa kumi na tano, Chérie na wenzake kumi na mmoja waliobaki walikuwa darasa la mwisho. Mwezi wa pili Norbert aliwaita wazazi na walimu akatangaza kwamba kituo cha Bujumbura kimetukataa. Shule yetu haikuwahi kuandikishwa kule. Norbert hakuonekana kuwa na wasiwasi. Alisema watoto watafanya examen d'État, mtihani wa serikali wa kupata diploma, kama watoto wote wa Kongo, na haki hiyo wanayo, kwa kuwa madaftari yetu yako sawa tangu maternelle. Akamgeukia Rosette, akamshukuru mbele ya watu wote. Wazazi wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa naye benchi moja, nikaona anaificha mikono yake chini ya kitenge.

Kwetu asiye na diploma ya serikali hana chuo kikuu, hana ofisi, hana hata ualimu. Chérie alitaka kusomea uuguzi. Ilibaki miezi minne.

Rosette hakulia. Aliniambia angalau tuna bahati moja, programu nzima tunayo, tumeiandika wenyewe. Akayabeba madaftari yote ya secondaire kichwani kwenye beseni mpaka nyumbani, akamkalisha Chérie mezani, nami nikaenda kuwasaidia. Chérie alifungua la kemia, akasoma kwa Kifaransa chake cha kujikongoja: kichwa cha somo, lengo, saa, ukurasa wa kitabu ambacho hatukuwahi kuwa nacho. Akafunua ukurasa wa pili. Kichwa cha somo, lengo, saa. Alikuwa anatafuta somo lenyewe.

"Mama, hapa umeandika kwamba tarehe kumi na ine mwezi wa tatu tulisoma hii. Ile siku mi nilikuwa kwenye classe. Tulisoma nini?"

"Hamukusoma, mwanangu."

"Basi, hii kitu ni nini?"

"Mi sijue."

Ni kweli, hakujua. Wala mimi niliyemsomea sikujua. Tulikuwa na miaka kumi na mitano ya vichwa vya masomo, na chini yake hakuna kitu. 

Rosette alihangaika, mnyonge yule. Alimwomba Bertin, mwalimu wa kemia wa shule nyingine, awafundishe watoto kila jioni. Chérie alinakili daftari za Gentille, msichana wa jirani aliyesoma shule ya kawaida yenye bati linalovuja. Lakini Kifaransa hakimezwi kwa miezi minne. Siku ya dissertation, insha ya Kifaransa, alikaa saa tatu, akatoka ameandika nusu ukurasa.

Matokeo yalifika kwa simu. Mtaani watoto wa shule nyingine waliofaulu walimwagiwa poda kichwani, wakazunguka wakiimba, Gentille akiwa mbele, mweupe mpaka kope. Katika wale wetu kumi na wawili hakufaulu hata mmoja. Chérie alifunga dirisha, akalala na nguo zake mchana mzima.

Rosette aliamua kwenda Fizi kusema ukweli. Alitaka serikali itambue kwamba watoto hawakufundishwa, wapewe mwaka wa kusomeshwa upya, wasiandikwe kama wajinga. Alijua atapoteza kazi, na huenda asipate nyingine tena. Tulipanda pikipiki moja sisi wawili. Ofisini alieleza kila kitu, bila kunitaja, nami sikujitaja. Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akafungua moja ya madaftari aliyoletewa.

"Mama, nikiandika kwamba hii ni ya uongo, na hii saini yangu iko ndani yake ni ya nini?" Alilifunga taratibu. "Balimu mulifanya kazi muzuri. Ni batoto hawakushika."

Ndivyo alivyoandika pia kwenye ripoti. Tukarudi Baraka.

Chérie alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba yao, anachambua dagaa. Mama yake alimweleza majibu ya Fizi, neno kwa neno, hakumficha kitu. Msichana hakuacha kuchambua.

"Mama, ule mukono yako iko muzuri. Uniandikie basi na diplôme."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angesema kwa hasira. Rosette akaingia ndani, mkoba wake bado begani, na mimi nikarudi kwangu.

Chérie sasa anakaanga maandazi sokoni. Rosette ameacha ualimu, analima kwa ndugu zake Lubondja, na watu wakimwomba awaandikie barua anawaambia macho yake yamekuwa mabaya. Norbert mwaka huu amepata watoto wapya ishirini na sita wa maternelle, akapaka ukuta rangi upya. Wiki ya kwanza aliweka madaftari ya inspekta juu ya meza yangu, akasema tu, "Mwalimu, ni yako sasa." Mwanangu Bienfait yuko darasa la nne primaire, anasoma bure. Leo ni tarehe sita mwezi wa kumi, na nimeshajaza journal mpaka Noeli.