Bado Wawili Tu

Huko nje ya nchi alikoishi miaka tisa akiogesha na kulisha wazee wa watu, saa ya ratiba ikifika basi liliondoka hata likiwa na dereva peke yake. Aliposimulia hayo nyumbani, kaka yake alicheka mpaka akashika mbavu. "Dereva anasafirisha viti?" aliuliza. Tangu siku hiyo dada mtu akaitwa Bi Ratiba.

Asubuhi hiyo Bi Ratiba alikuwa anampeleka mama yao kupasuliwa jicho. La kushoto lilikwisha kufa. Lilibaki la kulia, na daktari wa macho, ambaye hufika mjini mara chache, alitaka wagonjwa wote wawepo kabla ya saa nne.

Kituoni palikuwa na mabasi mawili. Moja lilikuwa tupu. La pili lilikuwa linanguruma, limejaa mpaka nyuma. "Bado wawili tu, mama, tunaondoka," alisema kondakta, akimshika mzee mkono kwa adabu zote. Bi Ratiba akalipa, akamketisha mama kando ya bwana mwenye suti na gazeti, naye akakaa nyuma yao.

Basi halikuondoka. Alipanda mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Kijana wa kiti cha mbele akashuka. Wakapanda mafundi rangi na ndoo zao; wakashuka wengine wawili. "Bado wawili tu," kondakta aliimba mlangoni.

Jua lilikuwa limekwisha panda pale bwana wa suti alipokunja gazeti na kuinuka ampishe mwalimu mmoja. Bi Ratiba akamdaka mkono.

"Unashuka wapi, na basi halijaondoka?"

"Niko kazini, dada yangu," alijibu kwa upole. "Sisi tunajaza tu. Nani atapanda basi tupu?"

"Mwache, mwanangu," mama alisema. "Hana mzigo, hakuulizwa nauli. Kila mtu anajua."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Nilidhani na wewe unajua."

Bi Ratiba alidai nauli yake. Kondakta akamtazama viatu, kisha uso. "Shangazi, huko ulikotoka hakuna kusubiri? Tulia."

Walifika hospitali daktari amekwisha ingia chumba cha upasuaji. "Mpaka atakaporudi," muuguzi alisema, bila kusema lini. Mama akamshukuru. Shukrani hiyo ndiyo iliyomchoma Bi Ratiba. Mama yake alikuwa anashukuru kwa kunyimwa jicho.

Nje ya geti palisimama basi lililokaribia kujaa. "Bado wawili tu," kondakta wake aliita. Bi Ratiba akamwacha mama chini, akapanda ngazi, akasimama katikati ya viti.

"Anayesafiri kweli anyooshe mkono."

Wengine walitazama madirisha. Mikono mitatu ikainuka taratibu. Wale watatu wakatazamana, wakahesabu viti kwa macho, wakabeba mizigo yao na kushuka.

"Umeniharibia gari, mama," kondakta alisema.

"Na nyinyi mmeniharibia mama."

Wakabaki watu watano kando ya barabara, juani, na basi jingine halionekani. Hakuna aliyempongeza. "Angalau mle tungekuwa tumekaa," mmoja alinung'unika.

Bi Ratiba alikuwa amemshika mama yake mkono, na aliubana mpaka mama akamwomba aulegeze.